Kopo la Kumtazamia Doris

Jumatatu, 11 Juni 2007

Daftari hili ni la vipimo tu. Nimelitoa kwenye kabati la maabara ya shule, na humu nitaandika saa, hali ya hewa na idadi ya vijiti vinavyoonyesha nguvu ya mtandao. Mimi ni mwalimu wa fizikia; mambo ya moyo nawaachia wenzangu wa fasihi.

Leo Dismas amekuja kunifungia intaneti nyumbani. Dismas ana duka la kompyuta karibu na stendi ya Nachingwea, na juu ya duka ana dishi linalovuta mtandao kutoka angani. Tuko watu watano tuliokubaliana naye atugawie bila waya. Nyumba yangu iko mbali, huku barabara ya kwenda Lionja, kwa hiyo mimi amenitengenezea antena ya kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo kuna kijiti cha shaba, na nyuma yake kebo inashuka mpaka kwenye kompyuta yangu ya mezani. Kopo tumelifunga kwenye mwanzi, mwanzi kwenye paa, na mdomo wa kopo tumeuelekeza dukani kwake. Majirani wote walitoka kutazama. Mzee Mbaruku, ambaye shamba lake la mikorosho linaanzia ukutani kwangu, aliniuliza kama nakinga mvua ya mwakani.

Vijiti vitano kati ya vitano.

Jumanne, 12 Juni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umande. Vijiti vitano. Nimemwona Doris.

Sikuwa nimeuona uso wa mke wangu ukisogea tangu Oktoba ya mwaka juzi, alipokwenda Japani kusomea udongo akaniachia mtoto wetu Atupele wa mwaka mmoja na nusu. Hosteli yake haina kompyuta. Ya maabara anaruhusiwa kuitumia wakati wa chakula cha mchana peke yake, na mchana wao ni alfajiri yetu: kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa moja. Zaidi ya hapo yuko kazini au maabara imefungwa.

Amenenepa mashavu. Nilipomwambia, akasema ni kamera inanenepesha. Atupele alimtazama, akajificha nyuma ya kiti changu, akachungulia, akajificha tena. Doris anarudi tarehe 28 Septemba. Zimebaki siku mia moja na nane, na hicho nacho ni kipimo.

Alhamisi, 14 Juni

Vijiti vitano. Dakika ishirini na nane. Atupele amemwonyesha kidonda cha goti.

Jumatatu, 18 Juni

Vitano. Nusu saa nzima tumezungumzia sufuria iliyotoboka. Sijapata kufurahia sufuria kiasi hicho.

Jumatano, 20 Juni

Mzee Mbaruku ameanza kupuliza salfa. Mikorosho inapochipua kutaka kutoa maua lazima ipulizwe, la sivyo ukungu wa ubwiriunga unayaunguza maua na korosho hupati. Wanapuliza alfajiri, majani yakiwa bado na umande, ili unga ushike. Ana bomba la injini la kubeba mgongoni ambalo makelele yake yanamaliza usingizi wa mtaa mzima. Wingu la njano linapanda juu ya miti, linavuka ukuta, linatua kwenye paa langu, kwenye nguo za Atupele kambani na kwenye kopo.

Nimepanda juu na mfuko wa plastiki wa rambo, nikakifunga kile kiungo cha kebo na kopo, nikakaza kwa mpira wa baiskeli ili unga usiingie. Kinga ni bora kuliko tiba.

Jumatano, 27 Juni

Umande mwingi. Vijiti viwili, halafu hakuna. Doris alikuwa anacheka, uso ukaganda hivyo hivyo. Atupele akasema, "Mama kalala."

Alhamisi, 28 Juni

Kimoja.

Ijumaa, 29 Juni

Hakuna kitu. Adhuhuri nikajaribu tena: vitano, imara kabisa, na mimi sina wa kumpigia.

Jumatano, 4 Julai

Dismas amekuja, saa sita mchana, jua la utosi. Amefuta virusi, amebadilisha chaneli, amehamisha kompyuta kutoka ukuta huu kwenda ule, kisha akafungua picha za magari zikashuka bila kukwama.

"Mbona poa tu, ticha? Mtandao unateleza."

"Njoo saa kumi na mbili asubuhi uone."

"Saa hizo hata jogoo wangu bado anajifikiria. Sikia, ikigoma chomoa, hesabu mpaka kumi, chomeka. Lazima ikubali."

Alhamisi, 5 Julai

Nimechomoa, nimehesabu, nimechomeka. Mara kumi na moja. Haikukubali.

Jumatatu, 9 Julai

Vijiti vitatu. Nilishukuru mapema mno.

Doris hakuanza na utani. Alisema, "Gwakisa, kaa vizuri nina jambo." Nikakaa. Akasema profesa wake amemwita ofisini, amemwomba abaki, na kabla hajamaliza sentensi picha ikakatika vipande vipande kama kigae kilichodondoka. Sauti ikaendelea kidogo, ikawa ya kwenye mtungi, ikazima. Nikachomoa, nikachomeka. Nikapanda kwenye paa kwa kaptura ya kulalia, nikalipangusa kopo kwa kitambaa kibichi, nikaupangusa na mfuko. Niliposhuka ilikuwa saa moja na dakika tano.

Adhuhuri nikatoroka kikao cha walimu nikasome barua pepe. Profesa anataka abaki miaka mitatu zaidi, achukue shahada ya udaktari. Gharama zote zimelipwa. Jibu la mwisho ni tarehe 31 Agosti. Mwisho ameandika: "Wewe unasemaje?"

Miaka mitatu. Atupele atakuwa darasa la kwanza.

Jumanne, 10 Julai

Nimemjibu neno moja: "Tutazungumza."

Najua ningeweza kuandika zaidi, maana mchana barua pepe zinakwenda bila shida. Lakini kwetu Tukuyu jambo zito halipelekwi kwa karatasi. Baba yangu aliwahi kutembea kutwa nzima kumwambia shangazi neno ambalo lingeingia kwenye kadi ya posta. Nikiandika "rudi," Doris ataisoma kama amri ya mume. Nataka aone uso wangu ninapoisema, ajue kwamba si amri, ni kwamba nimechoka kutandika kitanda upande mmoja.

Nimeandika mambo ya moyo kwenye daftari la vipimo. Basi.

Jumanne, 17 Julai

Nimegundua. Nilipanda kwenye paa nikachungulia kwa kufuata mdomo wa kopo, na mbele yangu nikakuta tawi nene la mkorosho wa Mzee Mbaruku, limejaa majani. Jani lenye maji linanyonya mawimbi. Asubuhi lina umande, linazuia. Mchana limekauka, linapitisha. Fizikia tupu. Nilijiona mjinga kwa kuchelewa.

Jioni nikaenda kwake. Nilimkuta amelifungua bomba lake, anausugua waya wa plagi kwa msasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa. Zaina, lete kigoda."

Bi Zaina, mkewe, ndiye anayeshinda na Atupele nikiwa shuleni. Alileta kigoda na Atupele akiwa mgongoni kwake, ingawa mtoto ana miguu. Nikaeleza ombi langu la tawi.

Mzee aliendelea kusugua. "Huo mtandao ni mdudu gani anayezuiwa na majani?"

"Ndiyo njia ya kuzungumza na mama yake Atupele."

"Mwalimu, mkorosho ule uko kwenye maua. Tawi lenye maua halikatwi. Njoo mwezi wa pili, panga nitakupa mimi mwenyewe."

"Mwezi wa pili nitakuwa nimechelewa."

"Halafu aliupanda marehemu mama yangu. Shamba tuligawana, miti hatukugawana. Nikikata, dada zangu nitawaambia nini?"

Nikaondoka bila kuaga vizuri. Mtu ana mikorosho zaidi ya mia, na mimi mke ninaye mmoja.

Jumamosi, 21 Julai

Hakuna. Mzee amenisalimia ukutani, nimejifanya sijasikia. Bomba lake linanguruma kana kwamba linanicheka.

Jumanne, 24 Julai

Doris ameuliza tena kwa barua pepe. Nimemjibu: "Tutazungumza, mtandao unatengenezwa."

Alhamisi, 26 Julai

Leo nimerudi shuleni nikamkuta Mzee Mbaruku mlangoni kwangu. Tawi lote alikuwa nalo begani, maua yake mekundu yanapukutika njia nzima. Akalitua uani.

"Mwalimu, tawi lako hili."

Nikauliza, "Na dada zako, mzee?"

"Nimewaambia mtoto hamjui mama yake. Wamenyamaza."

Akajifuta jasho, akakataa maji, akaenda zake. Siku tisa nimemnunia mtu wa namna hii. Niliona aibu, nikaona pia furaha kubwa, na furaha ikaishinda aibu kwa sababu kesho nitamwona Doris.

Ijumaa, 27 Julai

Umande. Hakuna. Hata kijiti kimoja.

Nilikuwa bado nimeduwaa mezani niliposikia mtu anakohoa ukutani. Nikatoka. Mzee alikuwa amesimama na bomba mgongoni, amelizima makusudi ili asikie.

"Vipi, mama Atupele amekuja?"

Tawi lilikuwa pale uani kati yetu, maua yamekwisha kunyauka.

"Amekuja, mzee," nikasema. "Yuko safi kabisa. Mungu akubariki."

"Alhamdulillahi." Akacheka mpaka bomba likatikisika, akaliwasha, akarudi mitini.

Ningesemaje? Tawi halirudi mtini.

Ijumaa, 3 Agosti

Uongo una kazi zake. Kila alfajiri Mzee anazima bomba kidogo anapopita dirishani kwangu, apate kusikia. Kwa hiyo naketi mbele ya kioo cheusi cha kompyuta nikizungumza kwa sauti: "Habari za huko? Sisi wazima. Ndiyo, anakula vizuri." Atupele ananitazama kisha anakitazama kioo.

Leo nimekiambia kioo, "Doris, rudi. Naomba urudi." Limetoka vizuri, bila kutetemeka. Nje bomba likawashwa tena.

Jumatatu, 6 Agosti

Hakuna.

Jumanne, 7 Agosti

Hakuna. Bi Zaina alikuja mapema kumchukua mtoto, akanikuta nasimulia habari za mitihani. Alikiangalia kioo, akaniangalia mimi, akamchukua mtoto.

Ijumaa, 10 Agosti

Barua pepe ya Doris, mistari miwili: "Zimebaki wiki tatu. Wewe unasemaje?" Nimejibu kwamba kesho nakwenda Ruangwa kununua kifaa kipya, na tutazungumza.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimekwenda Ruangwa kwa rafiki yake Dismas anayeuza vifaa vya kompyuta vilivyotumika. Gari lilipasua tairi Likunja, tukakaa saa tatu barabarani. Nimenunua kadi ya mtandao ambayo muuzaji ameapa kwamba inashika mpaka Msumbiji.

Jumatatu, 13 Agosti

Msumbiji sijui. Dukani kwa Dismas haifiki.

Jumatano, 22 Agosti

Jana upepo ulivuma tangu jioni na leo umande ulikuwa haba. Vijiti viwili, kwa dakika moja hivi. Doris akatokea! Alisema jina langu, akageuka kidogo kama mtu aliyeitwa, na pale pale akaganda: kichwa upande, mdomo wazi, nywele zimeangukia jicho moja.

Sikuzima. Nilikwenda darasani nikaiacha kompyuta inawaka na uso wake humo. Niliporudi mchana Atupele alikuwa ameweka andazi mbele ya kioo, limemegwa upande mmoja, nusu yake na nusu ya mama. Nikakaa hapo nikamtazama. Ana kovu dogo chini ya kidevu, la utotoni, la kuanguka kwenye kisiki cha chai. Nilikuwa nimelisahau. Kitu gani kingine nimekisahau sijui, na miaka mitatu itanisahaulisha mangapi?

Kisha umeme ukakatika.

Ijumaa, 24 Agosti

Ameuliza mara ya nne. "Tutazungumza," nimeandika. Nilianza kuongeza neno jingine, nikalifuta. Nina wiki nzima bado.

Alhamisi, 30 Agosti

Jioni Mzee Mbaruku hakupita ukutani, alikuja kwa mlango wa mbele, na Bi Zaina nyuma yake.

"Mwalimu, mke wangu anasema unazungumza na kioo cheusi."

Nikainamisha kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokata tawi, mzee. Nilishindwa kukuambia."

"Mwezi mzima." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nimekata tawi la mama yangu, halafu unanificha kama mimi mtoto mdogo?"

Bi Zaina akasema, "Mnagombania nini, na kitu chenyewe kiko juu? Pandeni."

Mzee alipanda mwenyewe, na miaka yake sitini na ushei, mimi nimeshika ngazi. Akaufungua ule mfuko wa rambo. Maji ya njano yakamwagika mkononi kwake. Akanionyesha kiungo: shaba ilikuwa nyeusi tititi, akaikwangua kwa kucha ikapukutika.

"Nani kafunga mfuko huu?"

"Mimi. Ili salfa isiingie."

"Ilikwisha kuingia. Wewe umeifungia ndani na umande, ikae inakula." Akaketi juu ya paa. "Salfa na maji vinakula shaba, mwalimu. Waya wa bomba langu kila jioni nausugua, naukausha, naupaka grisi. Nikisahau siku moja, asubuhi haliwaki mpaka jua lipande. Ungeniambia kwamba linakataa asubuhi linakubali mchana, ningekuambia siku ile ile uliyokuja kuomba tawi."

Nilikwenda kwake akiwa anausugua huo waya. Niliketi kwenye kigoda chake nikautazama. Na ugonjwa wenyewe uko kwenye kitabu cha kemia cha kidato cha tatu, ambacho namfundishia mwenzangu akiumwa.

Tukakata kipande kilichoharibika, tukasugua, tukakausha, tukapaka grisi yake. Badala ya mfuko akakivisha nusu ya chupa ya maji, juu imeziba, chini wazi ipumue. Nikamwomba radhi. Akasema radhi nitaomba kwa dada zake, wao ndio wakali.

Kesho ni tarehe 31. Nguo nimeshapiga pasi.

Ijumaa, 31 Agosti

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja. Umande unachuruzika kwenye mabati. Vijiti vitano.

Doris alikuwa wazi kiasi cha kuonekana nyuzi za kola yake. Aliziba mdomo kwa mkono. "Gwakisa. Umekonda."

Nilikuwa nimejipangia salamu kwanza, lakini sikuziamini hizo dakika. "Doris, rudi," nikasema. "Si amri. Miaka miwili nimevumilia, mingine mitatu siwezi, na mtoto naye hawezi. Rudi, Doris."

Uso wake haukusogea. Nikadhani picha imeganda, nikatazama vijiti: vitano. Halafu nikaona kope zake zinapepesa.

"Nimeshatia saini," akasema. "Jumatatu."

"Mwisho si leo?"

"Mwisho ni leo. Nimekuuliza mara nne, Gwakisa. Mara nne umeniandikia tutazungumza. Nikasema, mwanamume anayetaka mkewe arudi hawezi kukosa neno moja la kuandika. Nikaona umekubali ila unaona haya kulisema."

"Nilitaka unione ninaposema."

"Nakuona."

Mtandao ulikuwa safi mno, machozi yake niliyaona kabla hayajaanguka. Nikauliza kama saini inaweza kutenguliwa. Akasema nafasi ilikuwa moja, na mwenzake wa Vietinamu aliyekuwa anaisubiri ameikosa kwa ajili yake, amekwisha kupanda ndege kurudi kwao. Nikasema sawa. Haikuwa sawa, na sikutaka tena kusema uongo kwa kioo, kwa hiyo nikasema, "Si sawa, lakini nimesikia."

Atupele aliamka akaja na shuka lake, akapanda mapajani kwangu. Doris akajifuta uso haraka, akatabasamu.

"Atupele, mimi nani?"

Mtoto akafikiri. "Mama wa kwenye kompyuta."

Doris akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. Kisha tukakaa. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimebaki, na hakuna kati yetu aliyetaka kukata.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Bado."

"Kula basi. Nipo."

Akatoa kisanduku chake cha wali, akakifungua mbele ya kamera, akaanza kula taratibu. Mimi na Atupele tukamtazama mpaka wali ukaisha.